Baridi ya Njombe, Hita ya Dar

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba hita ya gari lako haina nguvu, uone atakavyokucheka. Hita ya nini, dada, wakati hapa tunagombania kivuli? Mimi mwenyewe nimekaa na Celica yangu ya 1995 miaka sita bila kukigusa kile kitufe cha rangi nyekundu. Kilikuwa pambo tu. Mpaka Julai mwaka jana, tulipofunga safari kwenda ukweni Njombe.

Celica hii niliinunua kabla sijaolewa. Milango miwili, iko chini-chini, inabusu kila tuta la Mbezi, na mume wangu hajawahi kuipenda. Safari hii alikuwa na hoja nzito: nina mimba ya miezi mitano, je, kiti cha mtoto tutakipitisha wapi? Tukakubaliana kwamba tukirudi Dar gari linauzwa. Tuseme yeye alikubali, mimi nilinyamaza.

Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700, na kama hujawahi kuipita barabara ile na umpendaye, unajinyima. Mikumi unapunguza mwendo na kutazama pundamilia bila kulipa kiingilio. Ruaha Mbuyuni joto linakutaka uvue shati, vitunguu vimepangwa kando ya lami, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Kisha Kitonga, malori yanakwea kwa mwendo wa kobe, ukuta wa mlima huku, korongo kule. Ukimaliza kupanda, hewa si ile tena. Iringa unatafuta sweta. Mafinga, kwenye misitu ya paina, unaanza kujuta kwa nini hukubeba mbili.

Tulifika Mafinga jua linazama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho wa nyekundu, feni ikapuliza kwa kelele zake zote, na kilichotoka ni hewa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. (Hapo washa AC pamoja na hita. Usishangae, AC inakausha hewa na kioo kinatakata.) Barabara ikaonekana, lakini miguu yangu siisikii. Mume wangu akavua jaketi akanifunika magoti, yeye akabaki na shati la mikono mifupi, anatetemeka kimya kimya.

Nikagundua kitu. Tukiwa nyuma ya lori, tunajikokota, mshale wa joto unapanda kidogo na hita inapata uhai. Tukilipita na kukanyaga mafuta, mshale unarudi chini na ubaridi unarudi nao. Nikamwambia mwenzangu. Akasema, "Mmh," akageukia dirishani.

Makambako tukakata kushoto, zikabaki kama kilomita 60. Tulifika usiku. Nilimwamkia mama mkwe "kamwene" yangu ya kubahatisha huku meno yanagongana. Akanishika mikono, akamtazama mwanawe. "Mmekuja na gari au na friji?" Sijui kama alitania. Alinikalisha jikoni karibu na moto wa kuni, na mpaka ninamaliza bakuli la uji hakuongea tena na mwanawe.

Njombe, mkoa tangu 2012, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai hawataniani na baridi. Asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Lakini hapo ndipo pa kupeleka hita. Mafundi wa Dar wanajua AC. Wa Njombe wanajua hita.

Fundi tuliyeelekezwa hakufungua hata spana kwanza. Alisubiri injini iwake dakika kadhaa, akafunua boneti, akashika mipira miwili midogo inayopeleka maji ya moto ndani kwenye hita. Mmoja wa moto, mwingine baridi. "Rejeta ndogo ya hita imeziba," akasema. "Mmekuwa mnaweka maji ya bomba badala ya kulanti. Hiyo ni kutu." Kisha akashika mpira mkubwa wa kwenda kwenye rejeta ya mbele. Ulikuwa umeanza kupata joto mapema mno. Akacheka. "Na themostati hamna. Nani aliitoa?"

Themostati, kwa wenzangu tusiojua, ni kijilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, maji yanapoozwa tangu dakika ya kwanza. Ukikimbia, upepo unapooza zaidi. Ukisimama, yanapata joto kidogo. Ndiyo maana ya lile lori. Na injini isiyopata joto lake inakula mafuta. Mwaka mzima nilikuwa nalalamikia petroli!

Mimi sikuitoa. Nikamtazama mume wangu.

Themostati ilibidi iagizwe Makambako, ije na basi la mchana. Tukaenda kungoja kwenye maporomoko ya Luhuji, hapo hapo mjini kando ya barabara, tukiwa na parachichi mbili za sokoni. Kelele za maji zilimsaidia, nadhani. Akasema mwaka juzi, nikiwa safarini Arusha, gari lilimchemkia kwenye foleni ya Kimara. Fundi akamwambia atoe themostati, litaacha. Likaacha kweli. Hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimemwonya asiliguse.

"Ulitaka niliuze bila kujua linaumwa nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka uliuze nisije nikaulizwa."

Nilikasirika, sitadanganya. Nilikula parachichi zote mbili.

Jioni fundi alichomoa ile mipira miwili akapitisha maji kinyume, taratibu, maana presha kubwa inapasua rejeta ya zamani. Yalitoka mekundu kama udongo, kisha manjano, kisha meupe. Akafunga themostati, akajaza kulanti, akaegesha gari pua ikitazama mlima, kifuniko cha rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye nyekundu, akaliwasha mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Kisha akamgeukia mume wangu. "Kaka, gari ikichemsha kwenye foleni na barabarani haichemshi, anza na feni ya rejeta." Kumbe waya wa sensa ya feni ulikuwa umelika na kutu siku zote hizo. Ukitoa themostati unaficha ugonjwa tu.

Tuliondoka alfajiri ya Jumapili. Kabla ya Makambako nilikuwa nimevua sweta. Mama mkwe alikuwa amenipa blanketi la safari. Lilikaa kiti cha nyuma, limekunjwa, pale ambapo kiti cha mtoto kinaingia vizuri tu ukisogeza cha mbele. Nilipima kwa mkono.

Foleni ya Kimara tuliikuta usiku, ndefu kama kawaida. Mshale katikati. Baada ya dakika kumi, feni ya rejeta ikawaka yenyewe kwa muungurumo. Mume wangu akapunguza redio ili aisikie.