Jina Moja, Mlango Mmoja

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii nimeionja zaidi katika kuandika programu za kompyuta kuliko katika mambo ya mifugo.

Ndugu msomaji, kazi yangu hunipeleka kati ya Bukoba mjini na Muleba. Chama kimoja cha msingi huko Muleba kiliandikiwa programu ya Java ya kutunza hesabu za wakulima wa kahawa. Orodha ya malipo ilitakiwa kwenda benki katika faili la XML, yaani maandishi ambayo kila taarifa hufungwa kati ya alama mbili zinazoitaja jina. Programu ikagoma. Klasi ya Mkulima, ilisema, ina sifa mbili zenye jina moja. Shule zilikaribia kufunguliwa, na wazazi waliokwisha kupeleka maganda yao ghalani walikuwa wakingoja fedha. Nikaitwa.

JAXB, chombo kinachogeuza klasi kuwa XML, kwa kawaida hupita mlango wa mbele: husoma njia za wazi, kama getJina na setJina. Mwandishi wa programu alikuwa ameweka anotesheni ya @XmlElement juu ya sehemu ya ndani iitwayo jina. Basi JAXB ikaliona jina mlangoni, ikaliona tena chumbani, ikakataa kuchagua.

Kulikuwa na ushauri wa haraka: ibadilishwe tu sehemu ile ya ndani, iitwe jina2. Kelele zingekoma, lakini jina la kila mkulima lingetoka mara mbili katika faili. Ukimya wa namna hiyo nauogopa kuliko kosa lenyewe. Niliongeza mstari mmoja juu ya klasi, @XmlAccessorType yenye thamani FIELD, ili JAXB isome sehemu za ndani peke yake. Kuihamishia anotesheni kwenye getJina pia kungefaa. Kila njia ni halali. Ugomvi huletwa na kuzichanganya.

Kwetu Kagera jambo hili si geni. Mtu huitwa jina la ubatizo kanisani na jina la Kihaya nyumbani. Daftari moja likichukua hili na jingine lile, siku ya malipo mzee hulazimika kutafuta mashahidi kwamba yeye ni mtu mmoja. Anayeandika jina la mwenzake na aamue kwanza atalichukua kwa mlango upi, kisha aufuate huo huo hadi mwisho. Nyuma ya jina hilo kuna jasho la msimu mzima.