Wati thelathini za Kiriri

Wengi mmeniuliza mtu mwenye mfuko mwembamba anunue kadi gani ya grafiki ili acheze kidogo tu, PES na GTA, basi. Nieleze tulivyochagua sisi, maana franga zilikuwa za watu sita na hakuna hata mmoja aliyekuwa na za kupoteza.

Mjue kwanza tunakokaa. Kiriri ni mlima wa wenye nazo: upepo mzuri, ziwa Tanganyika liko chini yako, na kukiwa kweupe unaona milima ya Uvira ng'ambo. Sisi tuko chumba cha nyuma, baba ni zamu. Patroni wake alibadilisha mashine za ofisini kwake, akatupatia moja, Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba yenye i5 ya mwaka 2012. Akasema, "Chezeni, ila nisione kash pawa inakimbia." Alisema akicheka. Baba hakucheka. Kazi ile ndiyo paa letu.

Basi hesabu yangu ilianza na umeme, si na mchezo. Na kwa kweli hata asiye na patroni aanze hapo hapo. Kisanduku cha umeme cha mashine ile ni cha wati 240 na hakina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 kwa kipimo cha juu, na mashine nyingine nyembamba zimewekewa kikomo cha chini zaidi. Halafu kasha ni jembamba: kadi ya kawaida haiingii hata ukiisukuma, unahitaji ile fupi yenye bamba dogo la nyuma. Kabla hujasikia bei, nusu ya kadi za mjini zimeshajiondoa.

Wenzangu walitaka GTX 1050 Ti. Ni kadi nzuri, siwezi kuisema vibaya, ina giga 4 za kumbukumbu. Lakini inakula wati 75. Uniti moja ya umeme ingeilisha saa 13. GT 1030 inakula wati 30, uniti ile ile inaifikisha saa 33. Nilipowaandikia namba hizo mbili kwenye karatasi, na baba amesimama mlangoni, mabishano yaliisha.

Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo watu wanaliwa. GT 1030 ni jina moja lenye kadi mbili. Ya kwanza ilitoka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha giga 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye DDR4, giga 16.8 tu kwa sekunde. Jina ni lile lile, giga 2 zile zile, lakini mchezo unakwama-kwama. Muuzaji wetu, kijana anayeleta vitu kutoka Kampala, hakujua tofauti, au alijifanya hajui, sijui. Tulishusha mashine mjini, nimeibeba mgongoni, tukaichomeka kadi hapo hapo na kufungua GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha aina ya kumbukumbu. Ya kwanza ikasema DDR4. Tukamrudishia. Ya pili ikasema GDDR5. Ndipo franga zikatoka mfukoni.

Jamani, na zile "1050 Ti" za bei ya ajabu! Nyingine ndani ni kadi ya 2010 iliyobadilishwa jina. Ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kadi yenye jina hilo, ondoka, maana 1050 Ti halisi haitoi VGA. Hata GT 1030 haitoi, kwa hiyo mwenye skrini ya zamani kama yetu aweke akiba ya kununua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA.

Mmoja wa wanaotusaidia aliniuliza, kwa upole, kwa nini franga zile hazikwenda kwenye kitu cha lazima. Sina jibu la kuandika kwenye mradi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, alivuka Ruzizi Februari 2025, na tangu hapo alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu. Jumamosi iliyopita alifungwa mabao manne kwenye PES akabishana saa nzima kwamba refa wa kompyuta ana upendeleo. Mama aliacha kuchambua lengalenga akaja kusikiliza.

GTA V nayo inakwenda, ukishusha picha mpaka 720 na vivuli ukizima. Shida ni kuipata: ni zaidi ya giga 60, kwa bando zetu hizi sahau, tafuta mwenye diski.

Tunayo maneti moja tu, tunapokezana. Mwenye ya pili, hata kama kitufe kimoja kimekufa, aniandikie.