Neno "Haipo"

Lugha ina maneno mafupi yenye matendo makubwa. Neno "ndiyo" hufunga ndoa, na neno "haipo" huweza kuzika kitu kilicho hai. Ukweli huu wa pili ulidhihirika katika idara moja ya Kiswahili, ilipohamisha hazina yake kutoka kompyuta kuukuu na kuipeleka katika wingu.

Wingu hilo si lile liletalo mvua. Ni kompyuta nyingi za watu wengine, zilizowekwa katika majumba ya mbali, ambamo mtu hukodi nafasi na kuifikia kwa njia ya intaneti. Hazina yenyewe ilikuwa picha za miswada, orodha za maneno ya lahaja, na sauti za wazee zilizorekodiwa vijijini miaka mingi iliyopita. Miongoni mwake ilikuwamo sauti ya bibi mmoja akitega vitendawili na kucheka kabla ya kujibiwa. Bibi huyo alikwisha fariki dunia, na sauti yake haikuwa na nakala nyingine. Kompyuta kuukuu nayo ilikuwa imepangiwa kufutwa siku ya Ijumaa.

Programu ya kuhamisha ilifanya kazi usiku kucha. Asubuhi ya Jumatano ilitoa taarifa ya makosa yenye mistari 93, kila mmoja na namba yake na maneno machache ya Kiingereza. Fundi, kijana mwenye adabu, alimfasiria mwalimu aliyekuwa mlinzi wa hazina.

"Mwalimu, hii ya bibi inasema haipo."

"Nini haipo, mwanangu?"

"Haipo tu, Mwalimu. Ndivyo ilivyoandikwa."

Swali la mwalimu lilikuwa la sarufi, lakini dawa ilikuwa ndani yake. Katika "haipo", kitu kinachosemwa kimewakilishwa na i peke yake. Faili ni ya ngeli hiyo. Folda ni ya ngeli hiyo. Njia na ruhusa pia. Basi ni ipi kati ya hizo haikuwapo? Taarifa haikusema uongo. Ilisema nusu ya sentensi, na wasomaji wake wakaijaza nusu iliyobaki kwa hofu yao.

Walipoitafuta faili katika kompyuta kuukuu, ilikuwapo, na bibi akacheka kama alivyocheka siku zote. Ndipo walipoifuata njia yake upande wa pili, folda baada ya folda, mpaka walipofika mahali njia ilipokatika. Mwanafunzi fulani wa zamani alikuwa ameipa folda jina "Kitendawili?", pamoja na alama ya kuuliza. Kompyuta kuukuu iliikubali alama hiyo, wingu liliikataa. Katika mifumo mingi alama hiyo haiulizi kitu, bali husimama badala ya herufi yoyote moja katika amri, na kwa hiyo haifai kuwa sehemu ya jina. Folda ilipokataliwa, faili zake 86 zilikosa nyumba. Kila moja ilipiga hodi, na kila moja ikajibiwa "haipo". Iliyokosekana ilikuwa nyumba, wala si mgeni. Hivyo mistari 87 kati ya 93 ilikuwa na chanzo kimoja, nacho ni alama moja ya uandishi. Ilipoondolewa, zote zikaingia.

Mistari sita iliyobaki ilikuwa na mafunzo yake. Minne ilikuwa na namba 429, iliyoongezwa katika kanuni za HTTP mwaka 2012, na maana yake ni kwamba maombi yamezidi kwa muda mfupi. Hilo si katazo. Ni neno "subiri". Programu ilikuwa imesubiri, ikajaribu tena, ikafaulu. Mstari ulibaki kama alama ya unyayo. Miwili ilikuwa na namba 403: ombi limefahamika, lakini ruhusa hakuna. Folda zilizohusika zilikuwa bado kwa jina la mwalimu aliyestaafu, naye aliposimuliwa akatoa idhini. Tena kanuni hizo huiruhusu seva kujibu 404, yaani "haikuonekana", badala ya 403, ikiwa haitaki kufichua kwamba kitu kipo. Ni kama bawabu asemaye bwana hayupo nyumbani, na viatu vya bwana vi mlangoni.

Taarifa ya mara ya pili haikuwa na kosa hata moja. Fundi alifurahi, mwalimu alitaka kuhesabu. Kimya cha shahidi si ushahidi. Walihesabu faili za pande zote mbili, na upande wa wingu ukapungua moja. Palikuwa na faili mbili katika folda moja, "Utenzi" na "utenzi". Kompyuta kuukuu ilitofautisha herufi kubwa na ndogo. Wingu halikutofautisha, na ya pili ikaifuta ya kwanza bila kelele. Makosa 93 yaliyopigiwa ukelele hayakupoteza kitu; kosa lisilotajwa lilikuwa karibu kupoteza utenzi mzima. Faili hiyo ilipewa jina jingine, ikapelekwa tena alasiri ya Alhamisi.

Basi msomaji akipokea taarifa ya namna hii asiogope wingi wa mistari, maana wingi wa vilio si wingi wa maiti. Na aipange kwa sababu zake. Kila inaposema "haipo", na aulize: nini, wapi, na kwa macho ya nani? Na inaponyamaza, na ahesabu mwenyewe.

Ijumaa kompyuta kuukuu ilifutwa. Kabla ya hapo mwalimu alifungua wingu, akasikiliza kitendawili cha kwanza mpaka mwisho, kicheko na yote, kisha akampa fundi ruhusa.