Maziwa ya Eldoret na Vipimo Vyake

Mji wa Eldoret umo katika nyanda za juu za Uasin Gishu, mita 2,100 hivi juu ya bahari. Wenyeji huuita pia Sisibo, jina lililotokana na namba 64 ya shamba ambalo mji ulijengwa juu yake. Reli iliufikia mwaka 1924, na mnamo Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji. Kandokando yake ni mashamba ya mahindi na malisho, na kila asubuhi maziwa huelekea vituo vya ushirika na kiwanda cha New KCC.

Mpokeaji wa maziwa hutazama na kunusa kwanza. Kisha huyachanganya kidogo na spiriti kwa kiasi sawa. Yakifanya mabonge, huenda yameanza kuchacha au yametoka katika kiwele kigonjwa. Halafu hutumbukiza laktomita, chombo cha kioo kieleacho. Lita ya maziwa safi ina uzito wa gramu 1,028 hadi 1,032 hivi, na lita ya maji gramu 1,000. Kwa hiyo katika maziwa yaliyotiwa maji chombo huzama zaidi.

Lakini mdanganyifu naye ana akili. Akiengua malai, maziwa huwa mazito. Akiongeza maji, uzito hurudi palepale, na laktomita hudanganyika. Ndiyo sababu mafuta nayo hupimwa.

Tena yako madhara ambayo laktomita haiyaoni kamwe. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye dawa, ambayo huweza hata kuzuia mtindi usigande. Hayafai kuuzwa kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijatimia. Vivyo hivyo, ng'ombe akilishwa mahindi yaliyoota ukungu, sumu ya aflatoksini hupita katika maziwa. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Hapo mlinzi wa kwanza ni mkulima mwenyewe, ghalani mwake.

Maziwa ya wakulima wengi humiminwa katika tangi moja, na samaki mmoja akioza huoza wote. Wanariadha warudipo na ushindi, hulakiwa katika uwanja wa ndege wa Eldoret kwa kibuyu cha mursik. Anywaye kibuyuni hana kipimo mkononi. Hutegemea uaminifu wa aliyekamua.