Fundi wa Majalada

Tumemzika Fundi Jumamosi iliyopita huko Mbagala, baada ya sala ya adhuhuri. Walikuwepo majirani zake, watu wa msikiti wake, na pembeni kidogo wazee wenye mvi waliotoka Sinza, Changanyikeni na Kimara na bakora zao. Jirani mmoja aliniinamia akaniuliza tulijuana vipi na marehemu. Nikamjibu kwamba sisi sote wa pale pembeni alitujalidia tasnifu zetu. Akatikisa kichwa kwa adabu, lakini niliona jibu langu halikumwambia kitu.

Wiki hiyohiyo mpwa wangu, anayemalizia shahada ya uzamivu katika chuo ambacho sitakitaja, alikuja nyumbani na kompyuta yake. Utetezi amekwisha kuupita, masahihisho ameyamaliza, zimebaki hatua za ofisini. Akaiona tasnifu yangu kabatini, akaitoa, akaigeuzageuza. "Mjomba, hivi jalada gumu namna hii lilikuwa la kazi gani? Si ungewapelekea kurasa tu?" Ni binti mwenye akili, na aliuliza kwa kutaka kujua. Basi namjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu wanaoweza kumjibu tunapungua.

Tulimalizia masomo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati chuo kilikuwa hakijatimiza miaka ishirini tangu kiwe chuo kikuu kamili, tarehe 1 Julai 1970. Taratibu nyingi zilikuwa bado na sura ya London, kwa kuwa kilianza kama chuo kishiriki cha huko mwaka 1961. Nimefungua ukurasa wa uthibitisho kuangalia tarehe: msimamizi wangu alitia sahihi Machi 1987. Ninachokumbuka mimi ni jua kali na vumbi, na Machi mvua za masika zinakuwa zimekaribia. Tuliache hilo.

Kabla ya Fundi kulikuwa na mpiga chapa. Wangu alikuwa mama mmoja wa Sinza, mchana katibu mahsusi wizarani, usiku akipiga tasnifu za watu kwa taipureta yake mwenyewe iliyokaa juu ya blanketi lililokunjwa ili majirani walale. Hali ya nchi miaka ile mnaijua. Karatasi nyeupe ya maana ilikuwa adimu. Aliyekwenda nje kwa semina alirudi nayo kwenye sanduku kama wengine walivyorudi na sabuni. Tulipiga nakala tano kwa karatasi za kaboni. Ya kwanza ilikuwa nyeusi safi, ya tano hafifu kiasi cha kuisomea dirishani.

Masahihisho ya watahini ndiyo yaliyotutia adabu. Mtahini wa nje akitaka aya iongezwe katika ukurasa wa 112, maneno yote ya mbele yanasukumwa, na sura nzima inapigwa upya mpaka mwisho wake. Kwa hiyo tulijifunza kupima. Ukiingiza maneno arobaini, unatafuta arobaini ya kutoa katika ukurasa huohuo, na unayoyatoa yawe yale ambayo hoja inaweza kuishi bila kuwa nayo. Yule mama alikuwa na jicho la kazi hiyo kuliko sisi. Aliweka kidole juu ya sentensi akasema, "Hii, mwanangu, umeshaisema juu." Mara nyingi alikuwa sahihi. Sijui leo ni mhariri gani angenifanyia hivyo.

Ndipo unapanda basi la UDA na bahasha zako kifuani, unakwenda mjini kwa Fundi.

Chumba chake kilikuwa uani, nyuma ya Mtaa wa Jamhuri, katika moja ya zile nyumba za ghorofa za zamani zenye baraza za mbao. Ulikinusa kabla hujakiona. Fundi alipika gundi yake mwenyewe kwa unga wa ngano, akatia mrututu kidogo ili wadudu wasile vitabu, na ule mvuke wa uji uliochanganyika na kitambaa kibichi na nta ulishika nguo ukarudi nao nyumbani. Kazi alijifunza kwa Mpigachapa wa Serikali, akiwa kijana. Mwanawe mkubwa anasema alifungua kile chumba mwaka 1974. Mjane wake anasema ilikuwa baadaye, kwa sababu walikuwa wameshapata mtoto wa pili. Mimi nilimkuta kama mtu aliyekuwepo pale siku zote.

Hakuanza kamwe kwa kuuliza bei unayoweza. Alifuta mikono kwa aproni, akapokea nakala ya kwanza, akaanza kuhesabu kurasa kwa kidole gumba, bila kuharakishwa na mtu. Ukurasa uliopinda aliunyoosha. Uliokosekana aliutaja kwa namba. Akishamaliza aligonga kurasa mezani mpaka kingo zikae sawa, akatoboa matundu kwa keekee, akashona kwa uzi alioupitisha kwenye nta, akabana katika shinikizo la chuma. Jalada alikuwa ameshakata: kadi ngumu, kitambaa juu yake, pembe zimekunjwa kwa kipande cha mfupa. Lakini watu walibaki kuangalia herufi. Alikuwa na herufi za shaba kwenye kisanduku chenye vyumba vidogo vidogo; akazipanga moja moja kwenye kishikio, kinyume, jina lako na mwaka, akazipasha juu ya jiko la mkaa. Alizigusisha na kitambaa kibichi akasikiliza. Zikilia sana, zitaunguza kitambaa. Zisipolia, dhahabu haitashika. Zikilia anavyotaka, aliziweka juu ya karatasi ya dhahabu kwenye mgongo wa kitabu, akakandamiza mara moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kurudia.

Siku nilipompelekea zangu alihesabu kurasa akafika kwenye uthibitisho wa nakala ya tatu, akasimama. Msimamizi alikuwa ametia sahihi nakala nne. Ya tatu ilimpita. Nikamwomba aendelee, nitaileta sahihi baadaye, ibandikwe. Fundi akaifunga bahasha akanirudishia. "Hapana, mwalimu. Kitu hiki kikishafungwa hakifunguliwi bila kuumia. Rudi Mlimani ukamwone mkuu wako." Nilirudi. Hakuwa mwajiriwa wa chuo, wala hakuna kanuni iliyompa mamlaka hayo. Alijua kazi inayopita mikononi mwake ni kitu gani, na alikataa iende maktaba ikiwa na dosari. Nimefanya kazi na kamati nyingi tangu hapo, na sikumbuki iliyolinda shahada kwa uangalifu wa namna ile.

Tasnifu yangu ilihusu manamba wa mashamba ya katani ya Tanga: jinsi SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944, ilivyokusanya vibarua kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata ng'ambo ya mipaka, na jinsi walivyoishi Muheza na Korogwe. Katika kiambatisho niliweka mfano wa kipande, ile kadi ambayo kibarua alijaziwa siku alizofanya kazi mpaka zitimie thelathini, ndipo alipwe. Niliporudi na ile sahihi nilimkuta Fundi amekaa kwenye kigoda na kiambatisho mapajani, jiko limepoa. Akauliza wazee niliozungumza nao walikuwa wa shamba gani. Baba yake alikuwa Muha wa Kibondo, aliyeletwa Tanga kwa lori akiwa bado hajaoa, na hakurudi kwao tena. Akaingia ndani akatoka na bahasha ya khaki. Kipande cha baba yake kilikuwa humo, kimekatika katikati kwenye mkunjo, alama za siku zikisomeka bado.

Tulikaa mpaka jioni. Alinieleza mambo ambayo yangekuwa sura nzima: posho ya unga, ugomvi wa vipimo vya majani, nyimbo za kwao ambazo wazee walizikataza mbele ya nyapara. Masahihisho yalikuwa yamekwisha na tasnifu imepita. Haikuwezekana kuongeza hata mstari. Nilichoweza ni kumpa nakala ya tano, ile hafifu. Aliijalidi kwa mabaki ya kitambaa, akapiga mgongoni jina langu, na chini yake, kwa ombi langu, jina la baba yake.

Nakala nyingine zilikwenda zilikotakiwa: idarani, kwa msimamizi, kwangu, na moja maktaba. Mkutubi wa kitengo cha vitabu vya Afrika Mashariki aliipokea kwa mikono miwili, akahesabu kurasa naye, akagonga muhuri, akaniandikia stakabadhi. Stakabadhi ile ndiyo niliyoipeleka ofisi ya shahada za juu, na bila hiyo jina halikuingia orodha ya mahafali. Tangu siku ile mtu yeyote aliyeruhusiwa kuingia maktaba aliweza kuagiza kazi yangu ikaletwa mezani. Kwenye rafu zilezile ilikuwapo ya Mulokozi juu ya tendi za nanga za Wahaya, ya 1986, ambayo tuliisoma kwa zamu. Mpwa wangu, jalada gumu lilikuwa la kazi hiyo: kazi isomwe na mikono mia, isichanike.

Kompyuta zilikuja, tukazishangilia, na nilizishangilia kweli. Masahihisho ya wiki mbili yakawa ya asubuhi moja. Wanafunzi wangu wa miaka ya tisini walikwenda mjini na visahani, na wale wa baada yao na kifaa cha kuning'iniza shingoni. Duka la fotokopi likaanza kujalidi kwa gundi ya moto, kwa dakika chache. Kurasa zilidondoka mwaka wa pili. Ile nyumba ya Fundi ilivunjwa, pamesimama jengo la vioo. Akahamia Kariakoo, kisha akarudisha shinikizo lake nyumbani, akabaki na misahafu na daftari za hesabu za wenye maduka. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 alikuwa hatoki tena Mbagala. Maktaba mpya ya Mlimani ilipofunguliwa 2018 nilimpigia simu kumweleza ukubwa wake. Aliuliza nani anashona vitabu vilivyochanika humo.

Sasa nimekaa na mpwa wangu akimalizia, na nimekasirika. Anatafuta sahihi za kuthibitisha hadaiwi: maktaba, bweni ambalo hakulala hata siku moja, idara ya michezo, mhasibu. Namba ya malipo imekwisha muda wake kabla benki haijafunguliwa. Akipiga simu anaambiwa mfumo uko chini, ajaribu kesho. Programu ya kukagua wizi wa maandishi imemhesabia majina ya vijiji na orodha ya marejeo kuwa ni kunakili, na hakuna mtu wa kukaa naye aione kwa macho. Hatua zimeongezeka, lakini katika zote hizo hakuna anayefungua tasnifu yenyewe. Akishaipakia, itakaa nyuma ya nywila. Msomaji wa nje ataona ikisiri, basi.

Siupingi mtandao. Nimesoma tasnifu za Nairobi nikiwa kibarazani kwangu Sinza, kwa sababu chuo kile kimeziweka wazi, na huo ni wema mkubwa kuliko rafu yoyote. Ninachopinga ni kuondoa sharti la nakala ya karatasi kisha ile ya mtandao nayo ikafungiwa. Hapo kazi ya miaka mitano imezikwa na ofisi iliyotakiwa kuihifadhi. Mpwa wangu ameandika juu ya kina mama wanaolima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Walimwachia majira ya maji kupwa, wakati wao wa kazi, ili wajibu maswali yake. Hakuna hata mmoja wao mwenye nywila ya chuo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vyetu: ama fungueni hifadhi zenu watu wote wasome, ama rudisheni sharti la nakala moja iliyojalidiwa, ikabidhiwe kwa mkutubi kwa stakabadhi. Na wewe unayemaliza mwaka huu, usisubiri wakubali. Chapisha nakala mbili zaidi kwa gharama yako, tafuta fundi anayeshona kwa uzi, siyo gundi ya moto, na moja ipeleke kwenye ofisi ya kijiji kilichokupa habari zako kabla hujaenda kukodi joho.