Albamu Tuliyoizima

Kaka yangu aliifahamu Soundgarden kupitia fulana ya mtumba. Aliinunua Soko la Owino, hapa Kampala, akiwa kidato cha tatu, kwa sababu ilikuwa nyeusi, ilimtosha, na muuzaji alitaka kufunga biashara. Rafiki yake alipomwuliza kama anawajua hao walioandikwa kifuani mwake, aliona aibu kusema hapana. Jioni ile akaenda kwenye kibanda cha intaneti kuwatafuta. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu, yaani chumba kimoja cha kupanga ambacho mama, yeye na mimi tulikigawa kwa pazia, ikawa na mgeni wa kudumu aitwaye Chris Cornell.

Kwa wenzangu wasiomjua: Cornell alikuwa mwimbaji wa roki kutoka Seattle, Marekani. Bendi ya Soundgarden ilianzishwa mwaka 1984, na mwanzoni yeye ndiye aliyepiga ngoma na kuimba kwa wakati mmoja. Albamu yao Superunknown ya mwaka 1994 ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na nyimbo zake mbili zikapata tuzo za Grammy. Mmojawapo ni Spoonman, ambao ndani yake mwanamuziki wa mitaani anapiga vijiko, hivi hivi vya kulia chakula. Mama alipoelezwa alisema basi naye ni mwanamuziki wa siku nyingi.

Lakini si vijiko vilivyomnasa kaka. Ni ile sauti. Huanza chini, karibu na maongezi, halafu hupanda. Na pale unapodhani imefika mwisho hupanda tena, safari hii ikiwa na mikwaruzo, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde na hana hakika kama atasikika. Kaka hakuwa mtu wa maneno mengi. Nadhani alipenda kuwa na mtu wa kupaza sauti kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa wa upande mwingine. Jirani yetu alikuwa na saluni, na saluni ilikuwa na santuri zilezile miaka yote: Missy Elliott, Nelly Furtado, Justin Timberlake. Nilipofika miaka kumi na mitatu niligundua kwamba nyuma ya nyimbo nyingi nilizozipenda kulikuwa na mtayarishaji mmoja, Timbaland. Midundo yake ina mapengo. Mahali ambapo wengine wangejaza ngoma, yeye anaweka sauti ya mdomo, au haweki kitu, na bega lako linacheza kabla hujaliruhusu. Kaka aliita muziki huo kelele za microwave. Mimi niliita wa kwake kelele za mashine ya kusaga. Spika ilikuwa moja, kwa hiyo tulikuwa na zamu: yake, yangu, na ya mama, ambayo daima ilikuwa kwaya.

Basi fikirieni nilivyoshtuka nilipogundua kwamba mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka sita, Cornell na Timbaland walikuwa wametengeneza albamu nzima pamoja. Inaitwa Scream. Niliipata mwaka 2016, wakati kaka akijiandaa kwenda Dubai kwa kazi ya ulinzi. Sikuwa na pesa ya zawadi, lakini nilikuwa na flashi, na kijana wa kibanda alikubali kunijazia albamu yote kwa bei ya wimbo mmoja. Usiku wa mwisho, mabegi yakiwa mlangoni na mama amekwisha kulala upande wake wa pazia, nilisema leo hakuna zamu. Leo tunasikiliza kitu chetu sote wawili.

Kwenye jalada la albamu hiyo Cornell yuko hewani ameinua gitaa kama mtu anayetaka kulivunja. Ningelitazama vizuri ningejua. Magitaa yalikuwa yamesukumwa pembeni, na mahali pake palikuwa na kinanda cha kompyuta na midundo. Nyimbo zimeunganishwa, mmoja unaingia katika mwingine bila mlango, hivi kwamba kaka aliuliza mara mbili, "Huu bado ni uleule?" Nilimtazama akitafuta mahali pa kuishika ile sauti yake. Nami, kwa upande wangu, nilikuwa nikitafuta mapengo ya Timbaland na siyaoni. Katika wimbo wa tatu kaka alinyoosha mkono akazima spika. Alisema, "Tulale, mdogo wangu." Alfajiri alikwenda Entebbe.

Nilichukia. Nilimchukia yeye kwanza, kisha albamu, kisha nikaanza kuisikiliza kila siku ili nithibitishe kwamba amekosea. Kwa hiyo ninayoyasema sasa si ya mtu aliyesikiliza mara moja akakunja pua.

Mashabiki wengi wa roki waliikataa kwa sababu ambayo naona ni dhaifu. Walisema mwanamume wa magitaa hana kazi kwenye muziki wa kuchezea. Trent Reznor wa Nine Inch Nails alimbeza hadharani kwenye Twitter. Albamu iliingia nafasi ya kumi Marekani, kisha ikashuka upesi, na watu wakahesabu hiyo kuwa adhabu ya msaliti. Lakini Cornell alikuwa amekwisha kuvuka mipaka mara nyingi bila kuzama. Katika albamu yake ya mwaka 2007, Carry On, aliuchukua Billie Jean wa Michael Jackson, wimbo ambao dunia nzima inaujua kwa miguu, akaupunguza mwendo mpaka ukawa maombolezo. Ukiusikia unajiuliza kwa nini hukuwahi kuona kwamba ni wimbo wa mtu mwenye hofu. Na mwaka 1996 mzee Johnny Cash, mwimbaji wa country, aliuimba Rusty Cage, wimbo ambao Cornell aliutunga kwa ajili ya Soundgarden, na haukuvunjika. Kuvuka si kosa.

Kosa, kwa masikio yangu, ni la ujenzi. Katika somo la ushairi tunafundishwa kwamba kila bahari ina pumzi yake. Utenzi wa mizani nane hutembea kwa hatua fupi, na mtunzi anayetaka kunyoosha sentensi ndefu ndani yake atagonga ukuta kila mstari. Sauti ya Cornell ni ya kupanda mlima. Inataka muziki unaoanza kwa unyonge na kuongezeka, ili ikifika juu uone imetoka wapi. Midundo ya Timbaland haipandi. Inazunguka, na utamu wake uko katika kuzunguka huko. Timberlake anaweza kuketi juu ya duara hilo akanong'ona, na ni raha tupu. Cornell akipanda, hakuna mteremko chini yake. Anapiga kelele palepale.

Halafu wakaongeza jambo lililoniuma zaidi: wakaipanga sauti yake tabaka juu ya tabaka, wakaipitisha kwenye mashine mpaka mikwaruzo ikalainika. Mtu ambaye thamani yake yote ilikuwa kwamba yuko peke yake ng'ambo ya bonde, sasa yuko na nakala zake sita na zote zinakubaliana naye. Na Timbaland naye alipoteza. Ili kumpisha mwimbaji mkubwa alijaza mapengo yake yote. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kupita kiasi, nami najua nyumba ambayo watu huishi hivyo.

Wapo wanaoitetea, na Cornell mwenyewe aliitetea. Long Gone, kwa mfano, ni utunzi mzuri, na baadaye aliurekodi upya kwa magitaa ukasimama vizuri zaidi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba nyimbo zilikuwepo.

Ugunduzi wangu ulikuja baada ya wiki kadhaa. Wimbo wa kumi na tatu, Watch Out, ndio wa mwisho kwenye orodha. Siku moja nilikuwa nafua, sikuwa na mkono mkavu wa kuzima, spika ikaendelea. Kukatokea wimbo ambao haukuandikwa popote, Two Drink Minimum. Ni bluzi ya taratibu, gitaa linaongea, na Cornell anaimba kama mtu aliyevua koti. Mikwaruzo yote ipo. Nilisimama na povu mikononi. Nilitaka kumpigia kaka, lakini tulikuwa hatuzungumzi sana siku hizo. Alituma pesa kwa mama, na mama alisema salamu zako.

Cornell alifariki Mei 18, 2017, mjini Detroit, saa chache baada ya kuimba jukwaani na Soundgarden. Alikuwa na miaka 52. Usiku ule simu yangu iliita, ilikuwa kaka. Alikuwa amemaliza zamu, nilisikia magari nyuma yake. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Tulikaa hivyo mpaka salio likaisha.

Nilimtumia ule wimbo kwa WhatsApp bila maelezo. Alijibu asubuhi: "Huyu ndiye. Umemtoa wapi?" Nikamwandikia kwamba ametoka kwenye albamu uliyoizima usiku ule kabla hatujafika.

Alituma ujumbe wa sauti. Alisema hakuzima kwa sababu ya muziki. Alizima kwa sababu mama hakuwa amelala. Alikuwa analia upande wa pili wa pazia, taratibu, na yeye alikuwa karibu na pazia kuliko mimi. Alidhani nami nasikia. Alidhani ndiyo sababu sikubisha.

Kuhusu albamu yenyewe, alisema, bado ni mbovu. Nami sina la kumpinga, ila ule wimbo wa kumi na nne nimeuhifadhi peke yake kwenye simu, na mama ameniuliza mara mbili ni nani huyo anayeimba.