Picha ya Ubongo wa Mwanetu



Mwanetu wa tatu alizaliwa kimya. Hakulia wala hakutikisika, na midomo yake ilikuwa ya samawati. Wakunga walimpulizia hewa kwa dakika zilizokuwa ndefu kwetu kuliko usiku mzima. Alipovuta pumzi, babu yake alimwadhinia, nasi tukadhani msiba umepita. Kabla ya alfajiri akashikwa na degedege.

Katika hospitali ya pili tulifahamishwa kwamba ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna akiba. Hewa ikikatika, seli huanza kufa baada ya dakika chache. Nyingine hufa siku zifuatazo, ingawa hewa imekwisha kurudi. Ndiyo sababu penye vifaa, mtoto wa namna hii hupozwa mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, mradi kazi ianze kabla ya saa 6 tangu kuzaliwa. Sisi tulifika saa hizo zimekwisha.

Siku ya tano alinyonyeshwa, akafungwa vizuri, akalala ndani ya mashine ya MRI, ambayo hupiga picha kwa nguvu za sumaku. Daktari alituonyesha weupe katika viini vya ndani vya ubongo, pande zote mbili, mahali panaporatibu mwendo wa viungo. Gamba la juu lilionekana salama. "Picha huonyesha jeraha," alisema, "haiandiki majaaliwa."

Leo ana miaka miwili. Hajatembea, ana mtindio wa ubongo. Lakini huketi akiegemezwa, na husikia hatua za bibi yake akacheka kabla hajaingia.

Limebaki jambo moja linalotuuma. Siku ile, tangu alasiri, mama yake alisema mtoto hachezi tumboni. Chupa ilipopasuka, maji yalikuwa ya kijani. Nasi tukamwambia asubiri wanaume warudi kutoka msikitini, tushauriane. Tuliondoka baada ya Isha.

Kadari ya Mola tumeipokea. Lakini kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kufanya haraka. Mama mjamzito akisema mtoto hachezi, msiitishe kikao. Ondokeni saa ile ile. Mashauri yatafanyika njiani.